Kamba Iliyostaafu

Nyumbani kwetu Muheza kamba ya nailoni haikuvuka kizingiti. Ndoo ya kisimani ilifungwa katani, mbuzi walifungwa katani, na kitanda cha bibi, kile cha teremka tukaze, kilisukwa kwa katani, kikilegea kila baada ya miezi michache mpaka mlalaji ashuke kamba zikazwe upya. Siku moja jirani alinunua kamba ya manila ya buluu, akaja kutuonyesha na kujisifu kwamba haiozi. Baba aliitazama, akasema, "Haiozi, lakini wala haishiki." Alikuwa mtu wa mkonge. Alianza kibarua akiwa kijana katika chumba cha brashi, pale katani inaposuguliwa mpaka ing'ae, na vumbi la chumba kile analikohoa hadi leo. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walimlaumu meneja, wengine serikali. Baba aliilaumu nailoni.

Kwa hiyo nilipofunga safari ya Kenya kwenda kuona jinsi kamba kuukuu za kupandia miamba zinavyogeuzwa mikoba, mikanda na mazulia, sikumweleza yote. Nilimwambia nakwenda Ukambani kutazama akina mama wanavyosuka vyondo. Haukuwa uongo. Ilikuwa nusu ya pili ya safari.

Chanzo kilikuwa zawadi. Rafiki yangu wa Nairobi alinipa kishikio cha funguo, fundo la mviringo lenye ukubwa wa limau, rangi ya chungwa na madoa meusi. Nililichezea mfukoni miezi kadhaa kabla ya kumwuliza limetengenezwa kwa kitu gani. Akaniambia ni kipande cha kamba iliyokuwa ikishikilia watu kwenye majabali. "Sasa ilikosa nini hata ikafukuzwa kazi?" nikauliza. Hakujua. Swali hilo ndilo lililonipandisha basi la kwenda mpakani Horohoro.

Kutoka Mombasa nilichukua treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani. Reli hii mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, imepita juu ya tuta refu, kwa hiyo abiria anaiona nchi kwa mbali. Tulipokaribia Kibwezi nikaona kitu ambacho mtoto wa Muheza hawezi kukikosea: mistari ya mkonge, kijani chenye ujivujivu, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Kijana aliyeketi mbele yangu hakuinua macho kutoka kwenye simu. Mimi nilibandika uso kioo kizima.

Mkonge wenyewe ni mgeni kwetu, kama ilivyo nailoni. Asili yake ni Yucatán, Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Katika hiyo 62 yakatoka mashamba, manamba walioletwa kutoka kila pembe ya Tanganyika, vijiji vya kambi, na mwishowe ada yangu ya shule. Uhuru ulipokuja nchi yetu ilikuwa ikiongoza duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000. Kisha bei ikaporomoka. Mwanahistoria atataja na mengine, kama kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 na mitambo iliyochakaa bila kubadilishwa. Baba ana mshtakiwa mmoja. Tena, kama kesi ingesikilizwa vizuri, nailoni ingeomba ndugu yake aitwe mahakamani: kamba za kufungia majani ya mifugo huko Ulaya na Marekani, soko kubwa la katani, zilihamia kwenye polipropilini, plastiki ya bei nafuu. Huenda hata manila ya jirani yetu ilikuwa ya ukoo huo. Manila ni mji wa Ufilipino uliosifika kwa kamba za abaka, mmea wa jamii ya mgomba. Plastiki ilichukua soko, ikachukua na jina.

Mwenyeji wangu wa kwanza alikuwa Naivasha, kijana mwongozaji wa wapanda miamba, mwembamba, vidole vyake vimejaa makovu madogo meupe. Tulikodi baiskeli, tukaingia hifadhi ya Hell's Gate kwa geti la Elsa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1984, haizidi sana kilomita za mraba 68, na ni mojawapo ya chache nchini Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia. Mwendo mfupi kutoka getini umesimama mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower, urefu wake mita 25. Ni volkano iliyoganda kooni. Mlima uliouzunguka umemomonyoka, koo likabaki. Jina ni la Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapo mwaka 1883. Wamaasai wana maelezo yao: ni binti aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa, akakatazwa kutazama nyuma, akatazama, akawa jiwe.

Chini ya jiwe hilo pimbi walikuwa wakiota jua. Mwenyeji wangu alitoa kamba mbili begini, moja ya kijani na nyingine ya chungwa. Ya chungwa akairudisha. "Hii iko mashakani," alisema. "Tutaisikiliza kesi yake jioni."

Nilivaa mkanda wa kiunoni na mapajani, nikafungwa kamba ya kijani iliyopita juu kabisa ya mnara na kurudi mikononi mwake, nikaanza kupanda. Nilifika kama mita sita. Mguu wa kushoto ukakosa pa kukanyaga, nami nikaachia. Nilitarajia kamba initie adabu kiunoni kama inavyomfanya mbuzi anayekimbia akafika mwisho wa kamba yake. Haikufanya hivyo. Ilinyumbuka, ikanipokea, ikanirudisha juu kidogo, nikabaki nikining'inia kama papai. Pimbi mmoja alinitazama bila heshima.

"Umesikia ilivyokudaka?" kijana aliniuliza kutoka chini. "Ndiyo kazi yake. Isingevutika, ungevunjika wewe."

Hapo ndipo nilipoielewa kamba hii. Zamani wapanda milima walijifunga kamba za manila na za katani, na kanuni yao kuu ilikuwa moja: kiongozi asianguke. Kamba ya nyuzi za majani haivutiki vya kutosha. Ama itakatika, ama itamvunja mtu mbavu. Nailoni, iliyobuniwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani, ilileta unyumbufu. Kisha mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ikatoa kamba ya namna mpya, ya sehemu mbili. Ndani ni kiini, nyuzi nyeupe zilizosokotwa zikalazwa pamoja. Hizo ndizo zinazobeba uzito. Nje ni ganda lililofumwa kwa rangi, linalokinga kiini dhidi ya mikwaruzo na jua. Kabla kamba ya namna hiyo haijaingia dukani, sampuli yake hufungwa uzito wa kilo 80 na kuangushwa vibaya kwa makusudi, na inatakiwa ivumilie isipungue mara 5. Katika anguko la kwanza inaruhusiwa kurefuka hadi asilimia 40. Hakuna katani duniani inayoweza hayo, na nilipokuwa nikining'inia pale niliona kwamba kuna sentensi ambayo sitathubutu kuitamka mbele ya baba.

Jioni, chini ya mti nje ya nyumba yake, kesi ya kamba ya chungwa ilisikilizwa. Alikaa kwenye kigoda, akashika ncha moja, kidole gumba juu na vidole viwili chini, akaanza kuipitisha taratibu kama mtu anayevuta uradi kwa tasbihi. Hakuzungumza. Kila mita ilipita mkononi mwake ikaanguka kwenye lundo upande wa pili. Mita ya thelathini na kitu akasimama.

"Shika hapa."

Nilishika. Nje hapakuwa na kitu, rangi ni ile ile na mfumo ni ule ule. Lakini ndani palikuwa laini na bapa, kama tunda lililoumia bila ganda kupasuka. Akapakunja. Kwingine kamba ilijikunja kwa duara la pete. Pale ikavunjika pembe kama mrija wa soda.

"Imekwisha," alisema.

"Nje nzima?"

"Nje nzima. Ubaya wake ndio huo."

Kiswahili kinasema kamba hukatikia pabovu, na sisi watu wa katani tumezoea pabovu panapoonekana: nyuzi zinachomoza, zinakuwa na ndevu, unajua. Pabovu pa kamba hii pamevaa nguo safi. Nikamwuliza kama hawezi kukata pale pabaya akatumia zilizobaki. Alisema huwa wanafanya hivyo kamba ikiwa changa. Hii ilikuwa na miaka tisa, na wanaozitengeneza wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kama imelala kabatini. Ilishaanguka na watu wengi. "Ikifika hapo," alisema, "hustaafu yote."

Kabla hajaanza kuikata, mtu wa bodaboda aliyekuwa akitungoja alisogea. Ana shemeji yake mchimba visima, alisema, na kamba nzima ya mita 60 angeinunua papo hapo. Alitaja bei. Kwa uso wa mwenyeji wangu nilijua ni bei nzuri, pengine kuliko chochote ambacho kamba ile ingemletea baadaye.

"Nitakupa vipande," kijana akamjibu.

"Vipande vya nini, kaka? Kisima kina futi sitini."

"Ndiyo maana nakupa vipande."

Alikuwa ameweka kisu kizee juu ya makaa ya jiko mpaka kikawa chekundu. Akapima kamba kwa mikono, mita tatu, akakata. Moshi mweupe wenye harufu kali ukapanda, na ncha zote mbili zikayeyuka na kujifunga zenyewe. Mita tatu, akakata. Mtu wa bodaboda alitazama kama anayeona noti zikichomwa. Vilipofika ishirini, kamba ilikuwa imekwisha. "Kwa mita tatu hakuna anayeshuka kisimani," aliniambia baadaye. "Ningemwuzia nzima, ningekuwa nimemwuzia kaburi, halafu na bei ya kaburi ningekula." Nilikuwa nimesafiri kutafuta sanaa ya mikono, na pale nikaona kwamba mkono wa kwanza katika sanaa hii ni ule unaoharibu. Fundi anayefuata hawezi kufanya kazi kwa dhamiri safi kama huyu hajakata.

Usiku alinisimulia kisa kinachopendwa na wapandaji wote wa Kenya. Mwaka 1943 Mwitalia Felice Benuzzi, mfungwa wa vita katika kambi namba 354 huko Nanyuki, alichoka kuutazama Mlima Kenya kupitia waya. Pamoja na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, alitoroka ili kuupanda tu. Mashoka ya barafu waliyatengeneza kwa nyundo, na njumu za kuvaa chini ya viatu kwa mabati ya gari bovu. Kamba zao zilikuwa katani iliyofumiwa vitanda vya kambi. Kilele kikuu cha Batian kiliwashinda, Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera. Siku ya kumi na nane wote watatu wakarudi kambini wenyewe, wakahukumiwa siku 28 za kifungo cha ndani, wakatumikia 7. Niliposikia katani ya kitandani nilicheka peke yangu gizani. Teremka tukaze ilifika Mlima Kenya! Wale watatu waligeuza kamba ya usingizi kuwa kamba ya mlima, na sisi asubuhi tungepeleka kamba ya mlima ikawe mkeka.

Vipande ishirini nilivitia guniani. Kamba ya unene ule ina uzito wa kama kilo nne, si mzigo, ila ina tabia ya kujinyoosha, na tulipokuwa ndani ya matatu ncha tatu za chungwa zenye madoa zilichungulia kutoka guniani kwa wakati mmoja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama niliyeketi naye sijui aliwahi kuumwa na nini, lakini alihamia kiti cha nyuma bila kuaga. Nairobi nilibadilisha gari pale Machakos Country Bus, ambako manamba (huku Kenya ndilo jina la utingo, si la kibarua wa mkonge, nilishtuka kwa sababu zangu) aliniuliza kama nakwenda kufunga ng'ombe wangapi.

Kikundi cha akina mama nilichoelekezwa hukutana chini ya mwembe, upande wa vilima vya Iveti. Niliwaamkia "Shikamoo" kwa mazoea ya nyumbani, wakaangua kicheko, na mmoja akajibu "Marahaba" kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilipolimimina gunia, mkubwa wao, mama wa miaka sabini na ushei, akapiga makofi: "Mwanangu, umetoka mbali kote huko kuwaletea Wakamba kamba!"

Watu hawa hawahitaji kufundishwa uzi. Kiondo, ambacho wao hukiita kyondo, kilisukwa Ukambani na Ugikuyuni kabla ya duka lolote. Mama mkubwa alikuwa na fungu la katani kando yake. Alichomoa nyuzi chache, akazilaza juu ya paja, akazisukuma kwa kiganja, na papo hapo ukatoka uzi wa duara uliokaza, mwembamba, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Macho yake yalikuwa kwangu muda wote, hayakushuka pajani. Nikamwambia baba yangu alikuwa mtu wa brashi. Akaacha kusokota. "Basi wewe ni wa kwetu," akasema, akanisogezea kigoda.

Kazi ilianza kwa kufua. Kamba ya mlima ni chafu kuliko inavyoonekana. Imepita kwenye vyuma vya aluminiamu miaka tisa, na masizi yake yamejificha ndani ya ganda. Vipande vililowekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche. Jiki ni marufuku, kwani hula nailoni. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya sufuria, ya tatu yakawa ya kijivu, kisha vikaanikwa kivulini.

Baada ya hapo kila kipande huamuliwa njia yake. Kinachobaki kizima huzungushwa kuanzia katikati, kikashonwa duru kwa duru kwa shazia na uzi uliopakwa nta, na kipande kikiisha kingine kinaungwa ncha kwa ncha. Nilipiga hesabu: kamba nzima ya mita 60, unene wa sentimita moja, inatoa mkeka wa duara wenye upana usiofika sentimita 90. Miaka tisa ya kuokoa watu inatosha miguu miwili mlangoni. Kinachotakiwa kuwa mkanda huvuliwa ganda. Unalisukuma ganda nyuma likunjamane, unashika kiini kilichochungulia, unavuta. Mwanzo linagoma, halafu linatoka kama soksi. Ganda tupu likilazwa na kushonwa kingo linakuwa mkanda bapa, laini begani. Kiini cheupe nacho hufungwa mafundo ya bangili na vishada vya mikoba, tena hujaza yale malimau ya kushikia funguo.

Niliomba nijaribu kusokota nyuzi za kiini pajani kama katani. Akina mama walitazamana, wakaniachia. Nilisukuma, nikasukuma, uzi ukajisokota, na nilipoondoa kiganja ukajifungua wote kama saa iliyokatika springi. Mama mkubwa akasema, "Huo uzi hausikii. Sisi tulihangaika nao wiki nzima." Katani ina makucha, uzi mmoja unamshika mwenzake, na ukilowa unakaza zaidi. Nailoni inateleza. Fundo ambalo kwenye katani linatosha, kwenye nailoni linahitaji kuzungushwa mara ya pili, kisha ncha iguswe moto. Nikakumbuka maneno ya baba kwa jirani, haishiki, nikaona kwamba mzee hakuwa akitukana. Alikuwa akitoa taarifa ya kiufundi.

Moto nao ulinifunza. Nikiwa nayeyusha ncha ya kwanza, tone la nailoni lilidondoka kwenye kidole cha shahada. Nta ya mshumaa ikikudondokea unaipangusa. Nailoni iliyoyeyuka inanata na kuendelea kuchoma. Nililia "Mama!" na akina mama tisa wakageuka kwa pamoja. Mmoja akakitumbukiza kidole changu kwenye maji, akaniambia wao hufanya kazi hiyo nje tu, upepo ukiwa mgongoni, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kukaribia jiko.

Kitu kilichonisimamisha, hata hivyo, kilikuwa kimetundikwa mtini. Kiondo cha katani, kimekazwa vizuri, milia ya kahawia na nyeusi. Lakini pale ambapo pangekuwa na mkanda wa ngozi pamefungwa mkanda wa chungwa wenye madoa. Ngozi ikinyeshewa hukauka na kupasuka, walinieleza, na bei yake imepanda. Ganda la kamba halijali mvua. Katani inabeba mzigo, nailoni inabeba katani. Nilikitazama muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Maadui wawili wa nyumbani kwetu walikuwa wameshonwa pamoja kwa mishono kumi na miwili, na hakuna aliyekuwa amemfukuza mwenzake kazi.

Niliuliza wanakataa kutengeneza nini. Jibu lilitoka kwa midomo mitatu kwa pamoja: bembea. Mteja mmoja wa Nairobi aliwaomba bembea ya watoto, mwingine kitanda cha kuning'iniza kati ya miti. Walikataa vyote viwili. "Kufunga, sawa," mama mkubwa alisema. "Kuning'iniza chenye pumzi, hapana. Hii kamba imeshasema imechoka. Ukiilazimisha, si kosa lake." Mikoba, mikanda ya mbwa, mikeka, vikapu vya matunda, hayo yote ruksa. Hawakujua lolote kuhusu mzani wa kilo 80 wala maangusho matano, lakini sheria yao na ya kijana wa Naivasha ilikuwa moja, na iliwagharimu fedha pande zote mbili.

Sitaki kudai kwamba kazi hii inaiokoa dunia. Wapanda miamba wa Kenya ni wachache na kamba zao hazijazi hata pembe ya jalala moja la Nairobi. Tena, vipunje vya katani vinavyobaki chini ya mwembe hufagiliwa shambani vikaoza. Vipunje vya nailoni havina pa kwenda. Akina mama huvikusanya kwenye debe, wakavijaza ndani ya mito ya viti, na debe linajaa haraka kuliko mito. Wanalijua hilo, hawakunificha. Wanachokifanya ni kidogo kuliko kuokoa dunia. Wanakikubali kitu kwa hali kilivyo leo, wala hawamwambii mnunuzi kwamba kina nguvu za jana. Masokoni mwetu, ambako tairi lililokwisha huchongwa mistari upya likauzwa kama zima, hilo si dogo.

Nilinunua kiondo kile. Kijana wa Naivasha alikuwa ameniachia kipande kimoja cha mita tatu kiwe ukumbusho, nikakiviringisha chini ya nguo.

Muheza baba alikuwa barazani. Alikipokea kiondo kwa mikono miwili, akakigeuza, akakinusa, akaupitisha ukucha katikati ya mistari. "Katani safi," alisema. "Aliyesokota anajua." Kisha vidole vyake vikafika kwenye mkanda, vikasimama. Aliuvuta mara mbili.

"Na hii?"

Nikamwambia ni nailoni. Nikamwambia yote: mnara, anguko langu, tasbihi ya jioni, mtu wa bodaboda na shemeji yake mchimba visima. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Niliponyamaza aliuliza swali moja tu.

"Alikata mwenyewe? Na bei alikuwa ameshatajiwa?"

"Ndiyo, baba."

Hakusema zaidi. Asubuhi nilipofungua begi kutoa kile kipande cha mita tatu, hakikuwepo. Nikakiona nje: kimefungwa kwenye mti wa fenesi upande mmoja, shingoni mwa beberu upande wa pili, fundo limezungushwa mara mbili, kama linavyotakiwa kwenye nailoni, ingawa sikuwa nimemweleza. Baba alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake," alisema. "Huyu anakula na vidole vinne zaidi. Inavutika."

Kamba ile iko pale mpaka leo. Kiondo kinatundikwa kwenye msumari wa barazani. Ndani ya nyumba, nailoni bado haijaingia.